Rukwa kwa Kinyumenyume

Mama mkwe wangu alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Rukwa, upande wa Ivuna, kwa watu wanaopika chumvi. Alipoolewa alipandishwa mlima hadi huku kwetu kwenye baridi, na tangu hapo hakuteremka tena. Nilipomwoa binti yake, mama alikuwa mjane anayeishi Mpemba, na jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuingia ukungu.

Wakati wa ujana wake ziwa lilikuwa likikimbia. Kila mwaka maji yalirudi nyuma kidogo yakaacha nyasi, na mwishowe ng'ombe wakalishwa mahali ambapo baba yake alikuwa akifunga mtumbwi. Watu wa huku juu walisema Rukwa limekufa. Halafu, miaka michache kabla ya Uhuru, wachuuzi wa samaki wakapanda na habari kwamba limerudi, na kwamba miti iliyoota wakati wa ukame sasa imesimama ndani ya maji.

Mama mkwe aliposikia hivyo alingoja siku kadhaa. Kisha akamtuma binti yake kwangu. Mke wangu alinifikishia ujumbe huku anachambua mboga, bila kuinua kichwa.

"Mama anauliza kama mtu wangu mwenye gari anaweza kumpeleka akalione, kabla jicho la pili halijafunga."

Mtu mwenye gari ndiye mimi, ingawa gari halikuwa langu. Nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja pale Tunduma, mwenye duka la vitambaa, chumvi ya viwandani na majembe. Alikuwa na pikapu iliyopumua kama ng'ombe mgonjwa, na kwa kuwa nilijua kuiendesha na kuandika pia, alinituma kila mahali. Mwezi ule alikuwa na mzigo wa kupeleka Kamsamba, tena alitaka kujua kama gari linaweza kupita ukingoni mwa ziwa hadi Ivuna kufuata samaki wakavu. Nikamwomba niende na mke wangu na mama yake. Akasema sawa, mradi nisilizamishe gari lake.

Shida ilikuwa moja: mama mkwe angekaa wapi?

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akikuona njiani anaingia kwenye majani na kujifunika shuka mpaka upite. Hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, humwiti, naye hakuiti. Maneno yanapitia kwa mkeo. Hakuna chuki ndani yake. Ni haya, na haya hiyo ni heshima, na kwa kweli ni heshima yenye kazi nyingi. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na milango miwili, na kila nilipobisha hodi kwa mbele nilisikia yeye akitoka kwa nyuma, kuku wakipiga kelele.

Ila haya hiyo ina mwisho wake, ndiko kumfungulia mama mkwe. Mkwe akiwa tayari, analeta jembe jipya na kuku jike. Mama analipokea jembe mbele ya watu wachache wa ukoo, anammiminia mkwe maji ya kunawa, wanakula pamoja, na kuanzia siku hiyo ni mama na mwana. Wengi walifanya hivyo baada ya mtoto wa kwanza. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameshaanza kutembea, na mimi nilikuwa bado.

Nilikuwa nimefika sekondari, jambo ambalo vijana wachache wa kwetu walilipata, na nilirudi nyumbani na maneno mengi kuliko akili. Nilimwambia mke wangu kwamba siwezi kununua salamu kwa jembe. Mtu na mtu, nilisema, wanasalimiana bure.

"Basi kamsalimie," akaniambia. "Nenda sasa hivi, mwambie shikamoo, umshike na mkono."

Sikwenda. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipokaa. Niliidharau njia ya kuiondoa haya, lakini haya yenyewe niliishika vilevile, maana niliiogopa. Na kila siku niliuza majembe. Yalipangwa mlangoni pa duka, yananuka mafuta, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafunga kwa kamba na kuwapa watu wengine wakawafungulie mama wakwe zao.

Basi tukapanga hivi. Mbele nitakaa mimi na mke wangu. Kidirisha cha nyuma ya kichwa changu tukakiziba kwa kanga. Mama mkwe atakaa nyuma, kwenye bodi, juu ya gunia lililojazwa majani makavu, mgongo wake ukiegemea chumba cha dereva, uso wake ukitazama tulikotoka. Akitaka kusimama atagonga bati kwa fimbo yake.

Na mzigo wa Kamsamba ulikuwa nini? Majembe, bila shaka. Mke wangu aliyaona wakati tunapakia, akayahesabu kwa macho, akaingia mbele na kufunga mlango kwa nguvu. Tulikuwa tumeshapita Mpemba, mama yake ameshapanda, ndipo aliposema.

"Mama amekalia majembe ya watu. Hakuna hata moja lake."

"Ni mali ya tajiri."

"Najua ni mali ya tajiri. Nimesema amekalia."

Siku ile ya kwanza ilikwisha kwa mteremko, breki na joto. Kamsamba ni nchi nyingine. Unashuka ukiwa na koti, unafika umelivua, na jasho limeshakauka na kuacha chumvi shingoni. Tulishusha mzigo, tukalala kwa ndugu wa mama mkwe walioko huko, wanawake nyumba hii na mimi nyumba ile. Siku ninayotaka kuieleza ni ya pili, siku tuliyotembea ukingoni bila mzigo na bila haraka.

Tuliondoka jua likiwa bado chini. Barabara haikuwapo. Zilikuwapo alama zilizoachwa na magari ya watu wa nzige, wale waliokuwa wakizunguka mbuga ile kutafuta nzige wekundu kabla hawajaruka, na pasipokuwa na alama nilijitafutia njia kwenye udongo mgumu. Ziwa lilikuwa mkono wa kushoto. Mara lilikuwa mbali, mstari mweupe tu chini ya mbingu, mara lilisogea hadi magurudumu yakakanyaga matope mepesi. Tulikwenda polepole, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, na wakati mwingine mwendo wa mtu anayetembea.

Makundi ya korongo na mwari yaliruka tulipokaribia, na yalitua tena nyuma yetu, ndege mmoja mmoja, mahali palepale yalipokuwa. Alama za magurudumu zilijaa maji taratibu baada ya sisi kupita, zikawa vioo viwili virefu vilivyokwenda hadi Kamsamba. Sheshe, wale swala wa mbugani, walioacha kula ili watutazame waliinamisha vichwa tukishapita, isipokuwa dume mmoja aliyetufuata kwa macho mpaka akawa kama kisiki. Ile miti iliyokufa majini ilisimama mistari mistari, na kila mti ulikuwa na ndege wake juu, kama vile wamegawiwa.

Bati likagongwa. Nikasimama.

"Mwambie mwenye gari asikimbie," sauti ikasema kutoka nyuma. "Sikuja huku kukimbizwa."

"Mama anasema usikimbie," mke wangu akaniambia.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Ndiyo kwanza nakuambia."

"Haya. Mwambie hapa tulipo hata mbuzi anatupita."

Mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Mama, anasema atapunguza."

"Hakusema hivyo," sauti ikajibu. "Amesema habari ya mbuzi."

Tulicheka sote watatu, kila mtu mahali pake, na mimi nikaona aibu ya kucheka pamoja na mtu nisiyeruhusiwa kumsikia. Kisha akaomba maji ya ziwa. Mke wangu akavua viatu, akaingia hadi magotini, akamletea kwenye kibuyu. Nilisikia akinywa, akayazungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ndilo," akasema. "Bado lina magadi."

Mbele kidogo tuliwakuta wavuvi wakianika kambale juu ya chanja. Walikuwa vijana watano sita wenye miili iliyochujuka kwa jua na midomo isiyo na adabu. Walipoona pikapu wakaja, na walipoona bibi kakaa nyuma peke yake, kageukia nyuma, wakaanza.

"Bibi, wanakuhamisha au wanakurudisha?"

"Wamempakia kama gunia la chumvi!"

"Hapana, ni kaa huyu. Kaa ndiye anayekwenda hivyo."

"Mimi nimekaa hivi niwaone vizuri nyie mkishapita," mama mkwe akawajibu. "Kwa mbele kila mtu mzuri. Sasa naona nani kachanika suruali."

Kijana mmoja akashika matako yake kwa mkono, wenzake wakamzomea, na mama mkwe akapewa kambale mkubwa kuliko wote kwenye chanja. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Neno la gunia la chumvi lilinichoma, maana lilikuwa kweli, na aliyempakia ni mimi.

Tulifika penye chumvi jua likiwa kichwani. Kama hujafika huko, ni uwanja mweupe wenye chemchemi za maji ya moto kidogo, na wanawake wanachukua udongo wake, wanauchuja kwa maji kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, halafu wanachemsha yale maji mpaka chumvi inabaki. Moshi haukatiki. Mama mkwe aliposhuka (mimi nikiwa nimeinama kwenye injini kama inavyopaswa) mwanamke mmoja mzee aliacha kuni zake akasimama.

"Sauti hiyo naijua," akasema.

"Kama unaijua, itaje."

"Wewe! Ulikwenda kuolewa au kufungwa?"

Hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, wakazungukana wakitazamana kama majogoo, na kila mmoja akamwambia mwenzake amezeeka vibaya. Walikuwa wamepika chumvi pamoja wakiwa wasichana. Walikaa kivulini wakaongea kwa lugha yao ambayo mimi naielewa nusu, na mke wangu akakaa nao. Mimi nilikula kipande changu cha yule kambale upande wa pili wa gari.

Baadaye mke wangu akanijia. Alikuwa na uso wa mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

"Unauona ule mlima mdogo ulioingia ziwani, kama goti?"

Niliuona. Ulikuwa mbele yetu, si mbali, umefunga ukingo wote kiasi kwamba baada yake huoni kitu.

"Mama anasema ukipinda pale ziwa linafunguka lote kwa mara moja. Walipokuwa wasichana walikuwa wanakimbilia pale baada ya kazi, wanakwenda kuoga, na anayeliona kwanza ndiye anayepiga kelele. Anasema hicho ndicho alichokifuata. Hakufuata mambo haya mengine." Akaonyesha pikapu kwa kidole. "Lakini akiwa nyuma, akageukia huku, hataliona likifunguka. Ataona mlima. Akija kuona maji, tumeshapinda."

"Basi ageuke, atazame mbele."

"Atazame mbele aone nini? Kanga yangu na kisogo chako?"

Hapo yule mwanamke wa chumvi, aliyekuwa akitusikiliza bila kujificha, akanyanyuka. Aliingia kibandani akatoka na jembe. Halikuwa jipya, ila lilitumika kidogo tu, na mpini wake ulikuwa bado mweupe. Mkono wa pili alishika kuku kwa mabawa.

"Mkwe," akaniambia, naye kwa kuwa si mama mkwe wangu aliweza kunitazama atakavyo. "Hili hapa jembe. Huyu hapa kuku. Mimi ni dada yake, na hawa wote hapa ni ukoo wake. Utanirudishia lingine siku ukipita. Mpe mwenzangu, anawe na wewe, akae mbele. Mambo yaishe."

Wanawake wengine waliokuwa kwenye vyungu wakaacha kazi. Mmoja akapiga kigelegele kifupi cha kujaribu. Mwingine akauliza, kwa sauti iliyokusudiwa kufika, "Mkwe gani huyu mwenye motokaa asiye na jembe?"

Nimelirudia jambo hili kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara mkono wangu uko wazi na jembe liko pale. Ilihitajika nilipokee kwake na kulinyoosha kidogo tu. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa pikapu, amejifunika shuka, anasubiri. Niliziona ncha za vidole vya miguu yake chini ya gari. Zilikuwa zimetulia kabisa.

Nikasema, "Asante, mama. Lakini jambo hili ni kubwa. Nitalifanya nyumbani, kwa heshima yake, mbele ya wazee, na jembe jipya kutoka dukani."

Maneno mazuri. Mtu asiyenijua angesema kijana huyu amelelewa. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana nikifunguliwa mama mkwe kwa jembe la kuazima, mbele ya wanawake wenye majivu mikononi, nikiwa mimi ndiye niliyefika sekondari. Lile lile jambo nililoliita upuuzi, sasa nililiona kubwa mno kufanyiwa pale.

Mwanamke wa chumvi akamtua kuku chini. Kuku akajikung'uta akaenda zake.

"Haya," akasema. "Mwenye gari ana kesho nyingi."

Kutoka nyuma ya pikapu mama mkwe akamwita binti yake. "Mwambie tutakwenda hivyohivyo. Ila apite karibu kabisa na maji."

Mke wangu hakurudi mbele. Alipanda nyuma, akakaa na mama yake kwenye gunia, mgongo kwa mgongo na mimi, bati likiwa katikati. Nikawasha gari. Tulielekea kwenye goti, mimi peke yangu mbele, nikiwa ndiye mtu pekee aliyekaa kuliona ziwa likifunguka, na ndiye pekee asiyekuwa na haja nalo.

Pale penye kona udongo ulikuwa laini. Gurudumu la nyuma likateleza, nikaona matope, nikakumbuka maneno ya tajiri juu ya kulizamisha gari lake. Nilikaza macho kwenye futi chache za ardhi zilizokuwa mbele ya boneti. Nilipinda nikitafuta majani ya kukanyaga, hapa kushoto, hapa kulia, nikatoka kwenye tope, nikavuta pumzi. Nilipoinua uso ziwa lilikuwa limeshafunguka. Lilikuwa hapo tu, kubwa, kama kwamba limekuwapo siku zote. Nyuma hakuna aliyepiga kelele.

Tulikaa pale mchana uliobaki. Wanawake walioga. Mimi nililala chini ya gari na kusema nakagua mafuta. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki na majani mabichi, na mbali viboko walicheka mara moja moja. Jua lilipoanza kulegea tukageuza kurudi Kamsamba kabla ya giza, mama mkwe kwenye gunia lake, na penye chumvi mwenzake akamrushia fungu la chumvi lililofungwa kwa nyasi bila sisi kusimama. Mke wangu alirudi mbele. Hakunisemesha hadi tulipomaliza kupanda mlima siku iliyofuata na baridi ikatupokea.

"Hiyo siku ya heshima," akauliza, "ni lini?"

Nilisema baada ya mavuno. Baada ya mavuno nilisema baada ya Pasaka. Kulikuwa na sababu kila mara, na zilikuwa sababu za kweli: msiba, mvua, mtoto wa pili, tajiri kunituma ng'ambo ya mpaka. Mama mkwe hakunikumbusha. Aliendelea kutoka kwa mlango wa nyuma nilipoingia kwa wa mbele, isipokuwa siku hizo nilisikia mkono ukipapasa ukuta kwanza.

Jembe nililipeleka hatimaye, jipya, kutoka dukani, na kuku mnono, na wazee wa ukoo wakaja, na chakula kilikuwa kingi. Kila kitu kilifanyika kama nilivyosema kitafanyika. Mama mkwe alilipokea jembe kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye makali yake.

"Nilidhani litafika na kutu," akasema. Watu wakacheka.

Kisha akaniomba nisogee. Kuanzia siku ile niliruhusiwa kumtazama, nikamtazama: alikuwa mwanamke mwembamba mwenye paji pana kama la mke wangu. Naye alikuwa anatazama kidogo pembeni mwa sikio langu, maana macho yote mawili yalikuwa yamefunga kabla ya mvua za mwaka ule. Hakuwahi kuniona. Aliweka kiganja juu ya uso wangu, akakishusha hadi kwenye kidevu, akasema, "Kumbe una uso mrefu." Akanimiminia maji ninawe, na mengine yakamwagika nje ya mikono yangu.

Watu walipoondoka tulikaa kwenye benchi nje, yeye na mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hatukujua la kusema. Wakati wote uliopita tulikuwa na mtu wa kutubebea maneno, na sasa mtu huyo alikuwa jikoni anasugua vyungu.

"Mwanangu," akaanza yeye. "Pale penye goti. Ulipopinda. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Nieleze lilivyofunguka."

Ningeweza kutunga. Nilikuwa nimesoma, nilijua maneno ya ziwa na mbingu na jua. Nilianza hata kusema kwamba mwari walikuwa wengi na maji yalimeremeta, na akaniachia niendelee kidogo, kisha akasema kwa upole, "Saa ile mwari walikuwa huku nyuma, kwangu."

"Sikuliona, mama," nikasema. "Nilikuwa natazama matope."

Nilidhani atakasirika, na ningefurahi kama angekasirika.

"Hata wewe," akasema mwishowe.

Halafu akanieleza ya kwake. Aliniambia habari za ndege waliotua nyuma yetu mahali palepale walipokuwa, na alama za magurudumu zilizogeuka vioo, na yule sheshe dume aliyetutazama mpaka akawa kisiki, na ile miti iliyogawiwa ndege. Msomaji atakuwa ameona kwamba nimeyaandika hapo juu kana kwamba niliyaona mimi. Mtu aliyeshika usukani hawezi kuona ndege wakitua nyuma yake. Siku ile yote nzuri ninayoikumbuka niliipata pale kwenye benchi, kwake, na sasa siwezi tena kuitenganisha na yangu.

"Na tuliporudi," akasema, "ulipopinda tena pale penye goti, nililiona lote. Lilikuwa wazi mbele yangu, jua liko juu yake, halafu mlima ukaja kutoka upande huu ukalifunika, polepole, mpaka likabaki kama uzi, mpaka likaisha. Nililiona likifunga. Nilikuwa nimekwenda kuliona likifunguka."

Mke wangu akatoka jikoni akiwa na mikono yenye majivu. Akatuuliza tunaongea nini. Mama yake akamjibu kwamba tunaongea habari ya mbuzi.

Tuliishi naye miaka kadhaa baada ya hapo, na tuliongea mengi. Kuku wake hawakupiga kelele tena, nikawa naingia kwake kwa mlango wowote. Alipofariki alikuwa na fungu lake la chumvi ya Ivuna chini ya kitanda, limeganda kama jiwe, nusu limeliwa.

Nimeteremka tena Ivuna mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye lori la mtu mwingine, nywele zangu zikiwa nyeupe. Nilimwambia dereva asimame kabla ya goti ili nipinde kwa miguu yangu nikitazama mbele. Akaniambia hakuna kupinda, mzee. Ziwa lilikuwa limepanda. Maji yalikuwa yamefika kwenye mawe ya mlima, na njia tuliyopita, pamoja na lile tope nililolitazama, ilikuwa chini. Yule mwanamke wa chumvi hakuwapo. Niliacha jembe jipya kwa watu wa kibanda chake, nao walilipokea bila kuelewa, wakadhani nimechanganyikiwa.

Dereva alinifungulia mlango wa mbele. Nikamwambia nitapanda nyuma. Nilikaa juu ya magunia ya samaki, mgongo kwenye chumba cha dereva, tukaondoka, na ndege walioruka kwa ajili yetu wakaanza kutua.